Neno Nililomtupia Selemani Mezani

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Nisikilizeni kwanza, kunitukana mtanitukana baadaye.

Hapa Temeke sisi vijana wachache tulikuwa na mchezo wetu wa Jumapili. Shemeji yangu aliuleta aliporudi kutoka masomoni Ulaya: kila mtu anajifanya shujaa fulani, mnasimulia safari yenu mezani, na dadu ndiyo inayoamua. Kitabu chake ni cha Kiingereza, na ni mimi peke yangu niliyekisoma chote, kwa hiyo nikawa mwamuzi, mwenye kuwatolea maadui wa kupigana nao. Cheo kidogo tu, lakini kilinipanda kichwani.

Rafiki yangu, nitamwita Selemani, alikuwa ametoka vitani karibuni. Mlango ukigongwa, anashtuka. Mezani ndipo alipotulia na kucheka kama zamani. Mchezoni yeye alikuwa mganga wa msafara, akiwakinga wenzake kwa uganga unaotaka awaze jambo hilo moja tu. Mawazo yakimtoka, kinga inaanguka.

Siku hiyo niliwatolea zimwi, na dadu ikasema mganga ameingiwa na hofu. Kitabu kinasema wazi kwamba hofu humzuia kusogea, ila uganga hauvunjiki mpaka azimie. Nilijua. Lakini walikuwa wamenishinda jioni nzima wakinicheka, basi nikatangaza kinga imeanguka na wote wamekufa.

"Sio kweli, kaka," Selemani akasema. "Mtu anaweza kuogopa na asiachie."

"Umejuaje?"

"Mie kule niliogopa kila siku. Mwenzangu alipopigwa risasi nilimshikilia kidonda, sikumwachia mpaka akakata roho."

Nami, ili nishinde tu, nikamjibu: "Ungemshika sawasawa, asingekufa."

Alivaa viatu vyake akaondoka.

Kesho yake nilikwenda kwao kumwomba radhi. Akakataa kutoka chumbani, nikabaki na mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio halali. Anaangalia mikono yake tu, ananiuliza kama mtu anaweza kushika vibaya. Sijui nani kamtia maneno hayo."

Nilishindwa kumwambia ni mimi. Nikaaga, nikalia njiani mchana kweupe.

Baadaye nilimpata, nikamweleza kwamba kitabu kilikuwa upande wake. Akanisikiliza kwa adabu, akasema ule ulikuwa mchezo tu. Mama yake anasema bado halali.

Ndugu zangu, mtu akikufungulia kidonda chake katikati ya ubishi, nyamaza, ukubali kushindwa. Mimi nilishinda, na Selemani ndiye anayekesha.