Nilihesabu Vitanda, Wazazi Sikuwahesabu

Jina langu kaeni nalo mbali, na huruma yenu siitaki. Kosa ni langu, na ni la kijinga!

Nilimaliza fomu foo nikapata kazi ya kukusanya takwimu. Wataalamu fulani walikuwa wanapima hospitali za wilaya: ipi inafanya kazi ya maana kwa wauguzi na vitanda ilivyonavyo, ipi inachezea tu. Sie tunajaza kwenye tableti, kompyuta yao inapiga hesabu. Kitambulisho shingoni, nikajiona daktari. Kituko!

Huku Temeke nikapangiwa wodi ya wazazi. Kila asubuhi niingie, nihesabu wagonjwa. Nikachungulia: joto, harufu, vichanga vinalia. Nani aingie humo? Nikahesabu vitanda nikiwa mlangoni, kila kitanda nikakiandikia mzazi mmoja.

Nesi mmoja mtu mzima, Mama Zuhura, akaniona.

"Mwanangu, ingia uhesabu vichwa. Humu wanalala mzungu wa nne, wawili kitanda kimoja, huyu kichwa huku, yule kule."

"Shikamoo mama. Mie nafuata fomu," nikamjibu, macho kwenye simu.

"Marahaba. Siku ukija kuzaa, uzalie kwenye hiyo fomu."

Nikacheka! Nikawahadithia na wenzangu, tukacheka tena.

Ripoti ikatoka: wodi ina wauguzi wengi, wazazi wachache. Na wale wasomi wa kiyoyozi, hakuna hata mmoja aliyekuja kuangalia. Namba zimekaa vizuri, basi! Manesi wawili wakahamishwa.

Miezi ikapita, dada yangu akashikwa uchungu. Nikampeleka palepale. Zamu nzima nesi ni Mama Zuhura peke yake, yuko ndani na mzazi mwingine. Dada akajifungulia kwenye benchi la korido, mtoto akapokelewa na mama wa usafi. Mtoto halii. Halii, jamani! Mie nimeshika khanga tu.

Mama Zuhura akaja mbio, akahangaika naye mpaka akalia. Ndo akaniangalia.

"Kumbe wewe wa fomu! Haya, huyu utamwandika kitanda gani?"

Dada akasikia. Akauliza, nikasema yote. Leo mtoto anatambaa, na dada hajawahi kunipa nimbebe.

Nyie mnaojazaga fomu mkiwa mlangoni, jioneni wajanja tu. Siku ndugu yenu akilala kwenye benchi, kompyuta haitakuja kumpokea mtoto.