Pikapu Iliyokula Oili

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya mvua tulipomlaza wifi yangu Skolastika nyuma ya pikapu, uchungu umeshamshika, tukaondoka Lipingo kumpeleka hospitali Mbinga. Nilikuwa bado bibi arusi mgeni. Mimi nilizaliwa juu huko Kitura, kwenye kahawa na baridi, nikaolewa ziwani, na mwaka ule nilikuwa najifunza kukaanga usipa, dagaa wa ziwani, bila kuwavunja. Dereva alikuwa mume wangu, Damiani.

Pikapu ile tuliipenda. Damiani aliinunua ikiwa imetumika, akaipaka rangi upya, na kila Jumapili aliifuta kwanza ndipo avae shati lake la kanisani. Ilitupandishia usipa mlimani na kutushushia mahindi na maharage. Ila ilikuwa na ugonjwa mmoja: ilikula oili. Mwanzoni ilikuwa kidogo tu, kikombe kati ya safari na safari. Baadaye Damiani akawa haendi popote bila galoni nyuma ya kiti. Bandu bandu huisha gogo. Moshi wa bluu ukaanza kutoka kwenye ekzosi, tukipita sokoni Mbamba Bay wauza samaki wanafunika ndoo zao.

Nilimuuliza, "Damiani, huu moshi ni wa nini?"

Akacheka. "Gari la zamani ndivyo lilivyo. Hata wazee wana kikohozi chao."

Miaka mingi baadaye aliniambia ukweli. Alijua kwamba fundi akilitazama gari atasema injini ifunguliwe. Aliogopa jibu, kwa hiyo hakuuliza swali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeona kwamba methali hiyo haichagui kati ya mtu na chuma.

Basi asubuhi ile alijaza oili, tukatandika godoro. Mama mkwe akakaa kichwani kwa Skolastika, mimi miguuni, turubai juu yetu. Siku hizi mnaupanda mlima ule kwenye lami huku mnasikiliza muziki. Wakati ule barabara ilikuwa udongo mwekundu unaoteleza, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde usiloona mwisho wake. Injini ililia. Moshi ukaingia chini ya turubai mpaka Skolastika akawa anakohoa katikati ya uchungu. Kisha nikasikia sauti kutoka mbele, ko-ko-ko, kama mtu amefungiwa ndani ya boneti akipigapiga nyundo atolewe.

Mama mkwe akavua kandambili, akagonga kioo cha nyuma. Damiani hakusimama. Akagonga tena, safari hii kwa nguvu hata nikadhani kioo kitapasuka. Damiani akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Damiani, hiyo sauti ya nini?"

"Oili, Mama. Taa imewaka. Lakini nikizima hapa haliwaki tena. Niache nilivute hadi juu, kule ni tambarare."

"Na lisipofika juu?"

Damiani akageukia barabara. Mbele yetu ilikuwa kona mbaya kuliko zote, ile ambayo malori yalikuwa yakipiga honi kabla ya kuiingia.

Mama mkwe akasema polepole, bila hasira, kama anayemhurumia. "Mwanangu, gari hili litakufa leo. Hilo limeshapita. Wewe chagua tu litakapofia. Hapa pana nyumba, pana watu. Kule pana shimo. Simama."

Niliuona uso wa Damiani kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa kijana mwenye fahari, na dada yake alikuwa akiugulia mgongoni kwake. Akakata usukani kuelekea uwanja wa nyumba iliyokuwa kando ya barabara. Hajafika vizuri, injini ikajikaza na kuzima yenyewe. Gari likaanza kurudi nyuma. Mama mkwe akamkumbatia Skolastika, mimi nikashika ubavu wa gari na kumwita Bikira Maria. Damiani akaikanyaga breki kwa miguu yote miwili, gari likajiegemeza kwenye tuta la bustani, likatulia. Akajaribu ufunguo. Kimya.

Mwenye nyumba alikuwa barazani akipepeta maharage. Nilimsalimia kwa Kimatengo, lugha ya kwetu, naye akaweka ungo chini akaja. Alimtazama Skolastika mara moja tu. Hakuuliza tumetoka wapi. Akamwita mumewe, akamtuma zahanati mbio kumwita muuguzi, kisha sisi wanawake tukamshika Skolastika huku na huku tukamwingiza ndani. Muuguzi alifika kwa miguu, amelowa, mkoba wake kaufunika kwa kitenge.

Nilipotoka kuchukua maji nilimkuta Damiani mvuani, kainamia boneti, mikono imejaa masizi. Nikachota maji, nikarudi ndani.

Mtoto alipolia, alikuwa wa kike, na mama yake mzima, nilitoka kwenda kumwambia baba mdogo wake... samahani, mjomba wake. Furaha ya siku ile bado inanichanganya maneno. Lakini alishasikia. Alikuwa amekaa kwenye matope, anacheka na kulia kwa pamoja. Sikuwahi kumwona hivyo kabla, wala baadaye.

Mama mkwe akamletea uji. "Kunywa. Skola mzima, mtoto mzima. Sasa nisikilize. Ulimimina oili kila siku ukidhani unalitunza gari. Ulikuwa unanyamazisha kikohozi. Siku nyingine ukiona kitu kinakula kuliko jana, usikilishe tu. Uliza kinaumwa nini."

"Ndiyo, Mama."

Hakumkaripia tena, siku ile wala siku nyingine. Heri nusu shari kuliko shari kamili, na sisi hata hiyo nusu hatukuijaza.

Pikapu ilivutwa hadi Mbinga. Fundi alipoifungua injini alituonyesha: ringi za pistoni zilikuwa zimelika, oili ikawa inapita na kuungua pamoja na mafuta. Ilipokwisha, chuma kikasugua chuma mpaka vikashikana. "Mngeniletea moshi ulipoanza," alisema, "ningebadilisha ringi, basi." Ikabidi tutafute injini nyingine, na msimu mzima usipa wetu walipanda mlima kwenye magari ya wenzetu. Lakini nyumbani hakuna aliyenung'unika. Tulipomwona yule mtoto anaanza kutambaa, gari lilikuwa gari tu. Injini mpya ilipoingia, Damiani akawa kila asubuhi anapima oili kabla hajanisalimia mimi. Nilimsamehe.

Kwa hiyo, mwanangu mwenye gari, nakuusia. Pima oili gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa, kabla ya safari. Ukiona inapungua upesi, chungulia chini kama inavuja. Kama haivuji, inaungua, na moshi wa bluu hausingizii mtu. Mpelekee fundi wakati gari bado linakwenda lenyewe. Taa ya oili ikiwaka, usiseme "hadi pale mbele." Zima, shuka. Na katika mambo yako mengine, ukigundua umechelewa, maana binadamu tunachelewa, usiongeze aibu juu ya kuchelewa. Sema mapema, karibu na watu watakaokushika mkono.

Mungu akupe sikio la kusikia jambo lingali dogo, na moyo wa kusimama unapoambiwa simama. Milima ya kwetu ikupokee ukipanda, ziwa likupokee ukishuka, na kila utakayempakia afike mzima, akakumbatiwe na wanaomngoja. Amina.