Mpasuko Nyuma ya Jiko la Mama Mkwe

Miaka ya kwanza ya uhuru, mvua zilipokuwa zimeichokoza milima ya Gwasi, niliajiriwa kumtafsiria afisa wa ardhi aliyetoka Mombasa. Tulizunguka kijiji kwa kijiji, tukitia kwenye ramani kila mahali mlima ulipoporomoka au ulipokuwa unajiandaa kuporomoka. Dalili nilizijua upesi: miti iliyoinama, chemchemi iliyozuka jana, ardhi iliyopasuka. Nikajiona mtu mkubwa sana, mpaka tulipofika kwa wakwe zangu.

Mpasuko ulikuwa nyuma tu ya jiko la mama mkwe, mpana wa kumeza mguu. Sasa, kwetu Wajaluo, mwanamume hamkodolei macho mama wa mkewe, sembuse kupanda mlimani juu ya boma lake na kuchungulia mpaka bafu lake la mabua. Basi, yeye akiwa jikoni, nilishika kamba ya kupimia na kutafsiri nikiwa nimempa kisogo.

"Mbona waongea na mlima?" afisa akauliza.

"Namheshimu mama mkwe."

"Mwambie ahame leo. Si aende akalale kwa binti yake?"

Binti yake ni mke wangu. Mama mkwe alale nyumbani kwangu! Nilitafsiri kwa haya tupu. Jikoni kukasikika kicheko.

"Orwa," akaniita, yaani mkwe wetu, "mwambie mgeni wako mlima huu niliukuta, na nitauacha hapa hapa."

Nikaogopa kweli. Nilimpenda yule mama; ndiye aliyenitetea wakati wa mahari. Ndipo nikaongeza maneno ambayo afisa hakuyasema: kwamba serikali imeniamuru nisimame pale juu asubuhi na jioni, nikitazama chini, mpaka atakapohama.

Mara masufuria yakaanza kugongana. Jua halijazama, alikuwa ameshahamia kwa shemeji yake kule tambarare, karibu na ziwa. Afisa akanisifu kwa tafsiri yangu nzuri.

Mvua ya wiki ile iliondoka na jiko, nyumba na migomba yote.

Baadaye nilikutana na mama mkwe njiani. Desturi ilitutaka tupishane kichakani, kila mtu upande wake. Mimi niliingia. Yeye akasimama katikati ya njia.

"Toka huko, mwanangu. Si serikali ilikuamuru utazame? Haya, tazama."

Nikatoka, nikainua uso. Kumbe mke wangu ana macho ya mama yake.