Mahindi ya Moshi

Nilirudi Malindi katikati ya miaka ya themanini nikiwa na diploma ya upishi na usimamizi wa hoteli, na sioni haya kusema kwamba wakati ule sikumjua mwanamke mwingine wa kwetu aliyekuwa nayo. Mimi ni mtoto wa Kakuyuni. Niliondoka nyumbani na leso mbili na viatu vya kuazima, nikaenda Nairobi kulea watoto wa watu. Nilisoma baada ya kuwalaza, nikaingia chuo kwa jasho langu mwenyewe, kisha nikapikia wageni huko Uswisi, katika hoteli ambayo hata theluji ya mlangoni ilikuwa na mtu wake wa kuizoa. Niliporudi pwani, hoteli moja ya Watamu ilinikabidhi jiko zima. Wanaume wenye ndevu waliniita madamu na kunisubiri nionje kwanza.

Lakini nikiikumbuka miaka ile leo, jiko la hoteli halinijii. Kinachonijia ni ua wa Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa ndivyo tulivyomwita sote, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa mama wa mji hasa, wa nyumba ya mawe ya zamani, na nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na ua wenye mafiga na masufuria makubwa ya arusi. Kila Jumamosi tulikutana hapo kupika chakula cha familia zilizokwama: mume amelazwa, kibarua kimeisha, mama kaachwa na watoto. Hatukuwa na jina wala ofisi. Mwenye duka alitoa mchele, wauza samaki walitoa papa, na mke wa mwalimu, mama mmoja mnene wa kutoka bara aliyeimba kwaya kanisani, alileta maharagwe na sauti yake. Hakuna aliyelipwa. Mimi Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yangu ya kupumzika, na nilipumzika kwa kukuna nazi.

Niseme ukweli, kabla sijafika mimi wali wa pale ulikuwa ukiungua chini na kuwa mbichi juu. Niliwafundisha kupima maji, nikayapanga mafiga upya kufuata upepo, nikaweka utaratibu wa nani anakata na nani anakoroga. Bi Mkubwa alinitazama siku ya kwanza, mikono kiunoni.

"Haya, bibi wa diploma. Hiyo karatasi yako inajua kupika pilau?"

"Inajua, Bi Mkubwa. Wewe lete bizari."

Alipoonja alijiongezea sahani. Sikuhitaji sifa nyingine.

Jambo moja hakutaka kulisikia, nalo ni foleni. Kuna aliyependekeza kwamba watu waje na vyombo vyao, wajipange mlangoni, wagawiwe. Bi Mkubwa alicheka. "Mlangoni kwangu waliopanga foleni ni wachumba wa binti zangu tu." Chakula chetu kilitoka kama chakula cha jirani kwenda kwa jirani: ndani ya bakuli la enameli lenye maua, limefunikwa juu kwa kawa la ukili, mkononi mwa mtu anayepiga hodi na kuulizia hali za watoto. Mwenye nyumba aliweza kuwaambia wanawe, jirani katukumbuka. Aibu haikupata pa kuingilia.

Ila bakuli la jirani lina desturi yake, na kila aliyekulia pwani anaijua. Likija na kitu, halirudi tupu. Utatia ndimu mbili, kiganja cha chumvi, au andazi. Hata sukari kidogo inatosha, ili mwenye bakuli asilione limekauka. Kwa hiyo Jumamosi jioni mabakuli yetu yalirudi na vitu vidogo vidogo ndani yake, nasi tulifurahi, tukaona hali za watu zinainuka. Sisi sote, wenye umri na wenye akili zetu, hatukuwahi kujiuliza vile vitu vilitoka wapi.

Nyumba iliyotuma vizuri kuliko zote ilikuwa njia ya Kakuyuni. Mume alikuwa mgema. Alianguka kutoka juu ya mnazi akavunjika nyonga, na tangu hapo alikuwa akilala kitandani barazani. Mke na watoto, waliokuwa wakiutegemea mkono wake, walibaki bila kipato. Bakuli lao lilikwenda na pikapu ya mnunuzi mmoja wa nazi na kurudi nayo Jumamosi inayofuata asubuhi. Kwanza lilirudi na maembe. Kisha likawa linarudi na mayai, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kisha akaja kuku mzima, amefungwa miguu, kando ya bakuli. Tulimchinja tukamsifu unono. Baada ya kuku yakaja mahindi, makubwa, yaliyonyooka mistari, meusi kwa masizi. Wenzangu waliyaosha, wakayachanganya na maharagwe, wakapika pure. Siku hiyo sikuwapo, nilikuwa na harusi ya wageni hotelini. Baadaye niliambiwa kwamba pure ilinukia moshi, na kwamba wote waliomba kuongezewa.

Jumamosi iliyofuata masika yalikuwa yamekaribia. Mawingu yalijaa upande wa bahari na watu wote walikuwa wakitokwa jasho. Nilichelewa kidogo, na nilipoingia uani nilimkuta mke wa mwalimu amesimama na bakuli la njia ya Kakuyuni mkononi. Lilikuwa limekuja asubuhi na pikapu, limejaa mahindi meusi mengine, na mengine zaidi yalikuwa ndani ya kikapu. Baadhi yalikwisha kutiwa ndani ya beseni la maji.

"Mimi nasema nyumba hii tuiache," alikuwa akisema. "Maembe, mayai, kuku, sasa mahindi, tena wiki ya pili hii. Hao wana shamba, wana mifugo. Hapa Majengo yupo mjane hana hata chumvi. Tunampa chakula cha maskini mtu anayetuzidi?"

"Kweli," akasema Bi Mkubwa, akiwa anachochea moto. "Leo bakuli liende kwa huyo mjane. Na haya mahindi tuyatie chunguni, maji yamechemka."

Nililitoa hindi moja majini, nikalifuta kwa leso yangu. Punje zilikuwa nene, zimekaa pamoja kama meno ya ng'ombe, na maganda ya nyuma yalikuwa yamefumwa kwa fundo ninalolijua tangu utotoni.

"Msitie motoni!" nikapiga kelele. "Toeni! Toeni yote majini!"

"Wewe, umepandwa na nini?"

"Hii ni mbegu, Bi Mkubwa. Si chakula."

Ikabidi niwaeleze, maana wao walikuwa watu wa mji. Kwetu, wakati wa mavuno, mama huchagua mahindi mazuri kuliko yote, huyafunga kwa maganda yake na kuyatundika kwenye uchaga, juu ya mafiga. Moshi wa kila siku huyazuia yasiingiwe na fukusi. Yatakaa pale mpaka mvua ya masika. Watoto wanaweza kulala na maji ya moto tumboni na macho yao yametazama juu, lakini mahindi yale hayaguswi. Mtu akiyashusha kabla ya mvua, ujue hana kingine kabisa ndani ya nyumba ile.

Bi Mkubwa alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Yaani tumekula masika ya mtu," alisema. "Tukaomba kuongezewa."

Mke wa mwalimu alikuwa ameanza kulia, maana ndivyo alivyokuwa, mkali na mwepesi wa machozi. "Basi wapelekewe leo leo. Warudishiwe."

"Warudishiwe vipi?" Bi Mkubwa akamkatiza. "Mtu akupe zawadi umrudishie mlangoni kwake, mumewe anatazama? Hilo tusi, mama."

"Waambiwe basi wasitie kitu bakulini."

"Hapo utakuwa umewaambia kwamba wao si majirani, ni waombaji. Hawatakipokea tena chakula chetu. Mimi nisingekipokea."

Wakageuka, wakanitazama mimi. Kila nilipofanya kazi, iwe Nairobi au ng'ambo, ilifika saa watu wakanitazama vile, na sijawahi kuikimbia. Mvua ilikuwa ya siku chache zijazo. Ikinyesha na uchaga mtupu, nyumba ile ingekula kwa bakuli letu mwaka mzima, na mwaka wa pili pia.

"Yaanikeni kwenye jamvi," nikasema. "Kesho naomba ruhusa kazini, nakwenda mwenyewe."

Jumapili nilipanda pikapu nikiwa na mfuko wa mbegu nilizozipukusua kwa mikono yangu. Nilivaa gauni langu la Uswisi, kwa sababu mtoto wa Kakuyuni akirudi Kakuyuni aonekane. Mgema alikuwa barazani kwenye kitanda cha kamba, mzee mrefu aliyekwisha mwili, macho yake bado yana utani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe wa nyumba gani?"

Nikamwambia.

"Ala! Babako nilimgemea minazi yake. Mchoyo yule, hakuwahi kuniachia hata kata moja ya kuonja."

Mkewe akatoka ndani akicheka, anajifuta mikono. Nilimsalimia, nikatupa jicho nyuma yake. Tundu la kuku lilikuwa wazi, halina hata unyoya. Ndani, juu ya mafiga, zilining'inia kamba tupu.

"Nimekuja na shida," nikasema nilipokwisha kukaa. "Sisi jikoni kule mjini tumechoka kununua mahindi. Mbegu tunayo, lakini shamba hatuna, na wale mama wa mji ukiwapa jembe watalishika kama mwavuli. Tunataka mtupandie pamoja na yenu. Mkivuna, nusu yenu, nusu ya jiko. Na kwa kuwa mtakuwa mnatulimia, chakula chenu kitakuja kila Jumamosi, na bakuli nalitaka tupu."

Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nimelifikiria njia nzima. Kwetu anayekulimia lazima umlishe, na bakuli la mlimaji hurudi tupu bila ya mtu kuona haya, kwa sababu amekwisha kulijaza kwa jembe.

Mama yule alichutama. Alifungua mfuko, akatia mkono mpaka kifundoni, akatoa punje chache na kuzinusa. Kisha akanitazama usoni, na nikajua kwamba anajua.

"Mbegu hii imekaa moshini kwa nani?"

"Kwa mtu anayejua kuchagua," nikasema.

Mumewe aliangua kicheko mpaka akashika nyonga kwa maumivu. "Mjibu basi, mke wangu! Mtoto wa mchoyo amekuja kutuletea mbegu!"

Yeye hakucheka. Alikunja mdomo wa mfuko polepole. "Nusu kwa nusu ni ya watu walioinama pamoja. Hao wenzako watakuja kupalilia?"

"Watakuja."

"Na yule mkubwa wao, wa buibui?"

"Naye."

"Basi acha mfuko."

Mvua ilianguka siku iliyofuata kama ndoo iliyopinduliwa. Alipanda mama yule na wanawe, mstari baada ya mstari, na mahindi yalipofika magotini alituma salamu na mwenye pikapu: waje.

Laiti ungetuona. Bi Mkubwa alishuka kwenye pikapu na mwavuli, akapachika buibui lake kwenye tawi la mkorosho, akajifunga leso, akaomba jembe kama anayeomba upanga. Mke wa mwalimu alikuwa amezaliwa na jembe huko bara, akatupita sote na kuanza kutucheka kutoka mbele.

"Jembe si mwiko, Bi Mkubwa! Usikoroge!"

"Nyamaza, mama kwaya! Mimi napika shamba!"

Mama mwenye shamba alitufuata nyuma akirekebisha. "Bibi, hayo uliyong'oa ni mahindi. Magugu ni yale uliyoyaacha."

"Mbona hayakuandikwa?" akasema Bi Mkubwa, akainuka ameshika kiuno, jasho linamtiririka, anacheka mpaka kanga waliokuwa vichakani wakaruka. Hata mimi, mwenye jiko na wapishi, viganja vyangu vilitoka malengelenge, nikayaonyesha hotelini wiki nzima kwa fahari.

Wengi wa wale mama hawapo tena, na ua ule umejengwa vyumba vya kupangisha. Siku hizi nasikia misaada inagawiwa kwa spika, na picha inapigwa. Mimi nina hoteli yangu ndogo sasa, na chakula ninachotoa kinatoka chini ya kawa.

Mwaka ule, siku ya kuvuna tulikwenda wote. Mgema alikuwa ameanza kutembea kwa fimbo, akajikokota mpaka mwanzo wa shamba na kusimama. Mkewe hakuturuhusu kukata hata bua moja. Alipita peke yake kwanza katikati ya mistari, taratibu, anashika, anaacha, anashika. Alipotoka alikuwa amekumbatia mahindi mazuri kuliko yote. Hakutuuliza kama yanatoka upande wetu au upande wao. Aliyafunga kwa maganda, akaingia ndani akayatundika juu ya mafiga, akarudi anajipangusa masizi.

"Sasa gawaneni," akasema. "Na Jumamosi msilete bakuli. Tuna chetu."

Bi Mkubwa alimpa mkono, wakashikana muda mrefu. Mgema akanigeukia, ameegemea fimbo yake.

"Nikuulize, binti wa mchoyo. Hiyo diploma yako walikupa ya kupika au ya kudanganya watu?"

"Zote mbili, baba," nikamwambia, "na kote nilifaulu."