Msiba wa Chai

Kiwanda cha chai kiliuzwa kwa mtu binafsi mwaka mmoja baada ya sisi kumzika mama, baba akiwa alishatangulia. Redioni walisema soko huria litaleta ushindani. Kwetu Kyimo liliondoa lori la kuchukua majani. Wiki tatu tulichuma, tukabeba majani hadi banda la kupimia, tukasubiri mpaka yakapata joto na kuwa meusi vikapuni.

Baba mdogo alishasema: chai ikishindwa kutulisha, wadogo zangu watatu watagawanywa kwa ndugu. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili tubaki nyumba moja. Sikuwa na kingine cha kuacha.

Alasiri moja tulimwaga kikapu cha mwisho chini ya migomba. Mdogo wangu wa kike akajifunga kanga kiunoni, akaanza kulia kama akina mama msibani, akimsifu marehemu: alivyotuvisha, alivyotununulia chumvi, alivyoondoka bila hata kuugua. Tulikuwa hatujala tangu jana yake. Tukacheka, tukamwitikia kwa sauti kubwa kuliko tulivyokusudia.

Kwetu kilio kikisikika, mtu haulizi kwanza. Anabeba chochote alichonacho, anakuja. Tulipogeuka, majirani walikuwa wanaingia uani na kuni na maziwa. Mbele yao alikuwa bibi wa nyumba ya pili, mkungu wa ndizi kichwani, akituhesabu kwa macho aone nani amepungua.

"Nani?" aliuliza.

"Chai, bibi."

Nilingoja kofi. Naye alikuwa na shamba la chai. Alishusha mkungu, akaketi chini.

"Huyo hata mimi ni ndugu yangu," alisema.

Wengine wakaketi. Mzee mmoja alishauri watu wasiende mbali, maana kahawa nayo hali yake si nzuri. Walicheka kidogo.

Baba mdogo alifika akihema. Alipoelezwa alikasirika, akasema wazimu huu ndio sababu ya kuwachukua watoto leo leo.

Bibi hakuinuka. "Watoto hawagawanywi kabla ya kuanua matanga. Unajua hivyo."

"Matanga ya chai?"

"Tutakuita."

Hawakumwita. Visiki vya chai ni vigumu. Nilivichimba mwezi mzima kwa jembe lililokatika mpini mara mbili, nipate pa kupanda maharage. Tuliishi kwa ndizi za watu. Maharage ya kwanza tuliyapika kwa kuni za mizizi ya marehemu, tukala wote wanne.