Nilikwenda kuapa kwamba sina mtu, tukafika wanane

Leo nilikwenda chuoni kuapa kwamba sina mtu. Nikafika na watu saba.

Msicheke kwanza.

Msaada wa ada wanampa mwanafunzi anayejitegemea: hana mzazi, hana mlezi, anajilipia chumba. Ndiyo mimi kabisa! Wazazi walishafariki huko Bukavu, nasuka nywele Jules Street hapa Joburg, naishi peke yangu mtaa wa Malvern. Nikikosa huo msaada, chuo basi, ni kusuka tu.

Kosa langu ni kumwambia Mama Neema wa kanisani.

"Mtoto haendi ofisini peke yake," akasema. "Watadhani hana kwao."

Eish, Mama! Si ndiyo nataka wadhani hivyo?

Wapi. Asubuhi nawakuta getini, akina mama saba wa kwaya, vitenge sare, Mama Neema kabeba sufuria ya pondu, kisamvu cha kwetu.

Karani akaangalia fomu yangu, akawaangalia wao.

"Nani anakulisha?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Mama Neema Kiingereza hukisikia siku anayotaka. Leo alitaka.

"Sisi!"

Nilitamani kuingia chini ya meza.

Karani alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema anataka barua ya mtu mzima anayenifahamu, athibitishe kwamba sina ndugu hapa Joburg.

Mmoja angetosha. Wakasaini wote saba.

Mama Neema akarudisha kalamu, akafunua sufuria.

"Haya, wewe usiye na mtu, njoo ule."