Dinosaria wa Makopa

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na Alhamisi ile zilikuwa mlangoni kabisa.

Binti yangu alikuwa na miaka sita, yuko darasa la awali hapa Kasulu, na alikuwa na aibu ya kupita kiasi. Siku ya wazazi ya muhula uliotangulia aliitwa mbele aimbe, akajifungia ndani ya kitenge changu mpaka watu wakatawanyika. Safari hii mwalimu aliagiza kila mtoto atengeneze kitu kwa mikono yake, kisha akieleze mbele ya wazazi. Mwanangu akachagua mifupa ya dinosaria, mnyama aliyemwona kitabuni. Nilitamani afaulu kuliko nilivyowahi kutamani jambo langu mwenyewe.

Tulijaribu maboksi, yakalegea. Tukajaribu vijiti, mwanangu akavikataa: mfupa gani una maganda? Ndipo tukageukia mihogo ya makopa, ile ya kumenywa na kuanikwa, kwa sababu kopa lililokauka vizuri ni jeupe kama mfupa, na linagonga kama mfupa. Tukakata vipande vya mviringo vya uti wa mgongo, vyembamba vya mbavu, na pingili kumi na tisa za mkia ambazo alizihesabu kila asubuhi kana kwamba kuna mwizi. Kichwa kilikuwa muhogo mzima, tukaupachika punje za mahindi ziwe meno. Tukamlaza kwenye mkeka uani akauke, ili Ijumaa asubuhi tumfunge kwa kamba za mgomba.

Alhamisi hiyo nilikwenda sokoni na mwanangu. Tuliporudi tukasikia mchi unatwanga. Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Titye bila taarifa, kama kawaida yake, na alikuwa kinuni kwangu, jasho linamtoka, uso umejaa furaha.

“Mkamwana, mvua ilikuwa inakuja!” akaniambia. “Unaachaje mihogo nje kama mtu asiye na wenyewe? Nimekuokolea yote.”

Nikatazama mkeka. Mtupu. Nikatazama mbingu. Wingu lenyewe lilikuwa limeshaenda zake Buhigwe.

Mwanangu akachungulia kinuni. “Bibi, umemtwanga na mkia?”

“Yote, mwana wanje. Isipokuwa hili gogo lenye mahindi. Limenishinda.” Akatuonyesha kichwa.

Mama mkwe hagombezwi. Nilimeza hasira yangu ikashuka kama jiwe, nikamshukuru, nikaingia ndani kuipiga teke ndoo. Mchana huo tulimla dinosaria na dagaa. Nami nilikula, nilikuwa na njaa, na ugali ulikuwa laini kweli. Mwanangu alikula, kichwa cha mnyama wake kimekaa kando ya sahani kinamtazama. Nikajua kesho ni kitenge tena.

Ijumaa, siku ya wazazi, mama mkwe akasema lazima aje nasi shuleni. Akakaa benchi la nyuma na kilemba chake kipya. Watoto wengine walileta magari ya waya, vikapu, nyumba zenye madirisha. Wangu akaenda mbele na kichwa kimoja cha muhogo. Nikakilegeza kitenge kabisa, awe na pa kuingilia.

“Huyu ni dinosaria,” akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. “Alikuwa mrefu kupita kanisa. Wote walikufa zamani. Watu wanabishana nini kiliwamaliza.” Akatazama benchi la nyuma. “Wa kwangu najua.” Akanyoosha kidole.

Wazazi wote wakageuka. Mama mkwe akasimama, akajishika kifua.

“Ego, ndiyo, ni mimi!” akasema. “Lakini yemwe, jamani, mvua ilikuwa inakuja! Mlitaka inyeshewe mihogo ya watu, mimi nimekaa tu? Mama mkwe gani huyo?”

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka mpaka machozi, hasira yangu ya siku mbili ikaniishia palepale. Mama mkwe akaanza kueleza lile wingu lilivyokuwa jeusi.

Mwanangu akamsubiri kidogo, kisha akapiga meza kwa kile kichwa cha muhogo.

“Bibi, kaa chini,” akasema. “Sijamaliza.”